Majani kwenye lupango: kutoka Penga Penga hadi barabara ya Kasenga

Mwezi wa kumi, kabla mvua ya kwanza haijaanguka, Lubumbashi ni mji wa rangi mbili. Juu kuna zambarau ya mijakaranda, chini kuna wekundu wa vumbi. Vumbi hilo linakaa kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye kifuniko cha chungu cha sombe, na kwenye viganja vya mtoto anayetambaa. Kila mama wa mji huu anaijua kazi yake ya asubuhi: anamwagia maji kidogo, anashika ufagio, anafagia lupango wote mpaka mistari ionekane. Ikifika saa nne upepo unavuma, na kazi inaanza upya.

Juma hili ukurasa wetu wa safari hauendi mbali. Tunaanza karibu na kiwanda, tunapita Penga Penga, halafu tunatoka mjini kwa barabara ya Kasenga mpaka nyumbani kwa mwenzetu mmoja wa chama. Tunatafuta jibu la swali ambalo mama wengi wametuuliza: je, majani yanaweza kuota kwenye udongo mtupu wa nyumbani kwangu? Na yana faida gani, ikiwa hayaliwi?

Chini ya bomba la moshi

Mgeni hapotei Lubumbashi. Bomba la moshi la kiwanda, lenye urefu wa mita 153, linaonekana kutoka Kamalondo, kutoka Katuba, kutoka Kenya, na pembeni yake uko mlima mweusi wa mabaki ya shaba. Mji ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru la Union Minière lilianza kuyeyusha shaba. Mwaka 1967 mali ya kampuni hiyo ikawa ya taifa, na leo tunaijua kwa jina la Gécamines. Wengi wetu tulisomeshwa kwa mshahara uliotoka pale. Tulikula bukari ya pale. Wema huo hatuusahau.

Lakini moshi nao ulikuwa na njia yake. Wakati wa kiangazi, upepo wa huku hutoka kusini-mashariki. Basi kwa miaka mingi moshi ulielekea kaskazini-magharibi, na vyote vilivyokuwa ndani yake, shaba na madini mengine, vilianguka pole pole upande huo. Hapo ndipo ilipo Penga Penga.

Ukitembea Penga Penga utaona jambo la kushangaza. Mvua ya Lubumbashi si haba, na sehemu nyingine kipande cha ardhi kikiachwa bila jembe mwaka mmoja tu kinakuwa msitu wa majani marefu. Huku kuna vipande vya ardhi vilivyobaki uchi. Hata magugu, ambayo hayamwombi mtu ruhusa, hayakubali kuota. Udongo umejaa shaba, tena ni mchachu. Uchachu huo ndio unaoiachia shaba iingie kwenye mizizi na kuiunguza. Fikiria chumvi: ikiwa bonge kavu ndani ya chupa haikusumbui, lakini ikiyeyuka ndani ya maji inaingia kila mahali. Shaba kwenye udongo mchachu ni kama hiyo chumvi iliyoyeyuka.

Iko mimea michache inayovumilia. Mmoja unaitwa maua ya shaba, na wataalamu wanauita Haumaniastrum katangense. Mmea huo unapenda udongo wenye shaba hata wachimbaji wa kale wa mambo ya kihistoria waliufuata kama alama: ulipoota kwa wingi, walichimba na kukuta mabaki ya matanuru ya babu zetu, waliokuwa wakiyeyusha shaba ya Katanga kabla Mzungu hajafika. Basi mwenye lupango akiona udongo wake hauoti kitu ila mimea ya namna hiyo, ajue ardhi yenyewe imeshasema.

Majani matatu yaliyopimwa

Watu wa hapa hapa Lubumbashi hawakukaa kimya. Mylor Ngoy Shutcha wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake, walichukua aina tatu za majani ya kwetu na kuzipanda kwenye udongo waliouchanganya na shaba, miligramu 2,500 kwa kila kilo ya udongo. Sehemu nyingine hawakuzitia kitu. Nyingine walizitia mbolea ya taka zilizooza, kilo 4.5 kwa kila mita ya mraba. Nyingine walizitia chokaa, kilo 0.2 kwa mita. Walifuatilia kwa miaka miwili, na matokeo yalitoka mwaka 2010.

Jani la kwanza linaitwa Rendlia altera, fupi na gumu, la milima yenye shaba. Hilo ndilo lililoishi vizuri kuliko mengine bila kusaidiwa. La pili, Monocymbium ceresiiforme, lilifuata. La tatu ndilo linalotugusa sisi wa nyumbani, kwa sababu ni ukoka, yale majani yanayotambaa ambayo ng'ambo ya mpaka, Zambia, huitwa kapinga. Ndiyo majani ambayo watu wengi huyapanda mbele ya nyumba. Na hayo, kwenye udongo wenye shaba, yalihitaji chokaa ili yaishi.

Jambo hili ni muhimu kwa mama wa upande wa kiwanda. Kama kapinga yako imekufa mara mbili, mara tatu, usidhani mkono wako ni mbaya. Udongo ulikuwa unahitaji dawa yake kwanza. Chokaa inapunguza uchachu, shaba inashikwa, mzizi unapumua. Watafiti waliona pia kwamba kwenye chokaa majani yalibeba shaba kidogo kuliko kwenye mbolea, na kwamba mbolea ikiongezwa kwa wingi sana, kilo 22.5 kwa mita, Rendlia altera iliishi vizuri zaidi. Baadaye kazi iliendelea kwenye ardhi tupu yenyewe iliyoharibiwa na moshi wa kiwanda, kwa miaka mitatu, kwa mimea ya Katanga iliyozoea madini.

Kwa nini mama ajali

Huenda msomaji atasema: majani ni mambo ya matajiri wa Golf, sisi tuna shida nyingine. Basi tuseme habari ya vumbi.

Mwaka 2009 madaktari wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitoa matokeo ya kupima mkojo wa watu 351 wa kusini mwa Katanga. Waliokaa karibu na migodi na viwanda walikutwa na kobalti nyingi sana mwilini, na watoto wengi walipita hata kipimo kinachowekwa kwa mfanyakazi wa kiwandani. Mtoto hafanyi kazi kiwandani. Kobalti ilimfuata wapi? Utafiti mwingine uliotoka mwaka 2014 ulionyesha njia zake: chakula, hasa mboga zilizoota mahali pachafu, na kwa watoto, vumbi. Mtoto anagusa chini, anaweka kidole mdomoni. Anaokota embe lililoanguka, analila. Kila mama amekwisha kuliona hilo leo asubuhi.

Majani hayaondoi madini ardhini. Tusidanganyane. Yanachofanya ni kuyafunika, kama mfuniko kwenye chungu. Mizizi inashika udongo, jani linazuia upepo usiunyanyue, na mvua kubwa inaanguka juu ya majani badala ya kuupiga udongo uchi na kuukokota mpaka mtaroni. Ufagio unakusanya vumbi, lakini pia unalirusha. Jani linalilaza chini na kuliacha huko huko.

Kwa hiyo palipo udongo mbaya, majani yanafaa kuliko mboga. Mahali ambapo lengalenga haifai kuota kwa sababu itakuja na madini mezani, hapo panda majani, na lengalenga uipande kwenye mifuko au masanduku yaliyojaa udongo safi kutoka mbali. Mbuzi naye asifungwe juu ya majani hayo.

Barabara ya Kasenga

Ukitoka mjini kwenda kaskazini-mashariki, barabara ya Kasenga inaelekea Luapula. Unapishana na baiskeli zilizobeba makala, mifuko imepangwa juu mpaka msukumaji haonekani. Nyumba zinapungua, viwanja vinakuwa vikubwa, na vichuguu vinaanza kuonekana, vingine virefu kuliko nyumba. Watu wa Lubumbashi wamejenga mji kutoka vichuguu hivyo, maana udongo wake ndio unaochomwa kuwa matofali. Wakulima nao wanajua siri nyingine: udongo wa kichuguu una kalsiamu, ile ile iliyomo kwenye chokaa, na hauna uchachu kama udongo mwekundu unaouzunguka.

Mwenzetu na mume wake walihamia huku miaka miwili iliyopita. Ardhi hii haikuguswa na moshi wa kiwanda. Lakini wajenzi waliposawazisha kiwanja walikwangua udongo wote mweusi wa juu na kuuacha ule wa chini, mwekundu, mgumu kama sahani. Mvua ya kwanza ilipopiga, maji hayakuzama. Yalipita kando ya ukuta yakachimba mfereji, na mwisho wa mwezi wa kwanza msingi wa nyumba ulikuwa unaonekana. Mtoto wao wa mwisho alikuwa anaanza kutambaa.

Aliposema atapanda majani, mama-mkwe wake hakufurahi.

"Mwanangu, majani karibu na mlango ni nyumba ya nyoka. Mimi nimefagia lupango miaka hamsini. Mtu akipita anajua humu mna mwanamke."

"Ni kweli, Mama. Nami sitatupa ufagio. Nionyeshe tu mpaka wapi tufagie, na mpaka wapi tupande."

Mkwe alifikiri. Kisha alichukua fimbo akachora mstari chini. Kuzunguka jiko na baraza, hatua sita, pabaki peupe: nyoka aonekane, mahindi yaanikwe, wageni wakae. Kupita mstari ule, majani. Mstari huo upo hadi leo, umepangwa matofali. Tunawashauri mama wote wafanye vivyo hivyo, kwa sababu bibi zetu hawakufagia bure. Uwanja mweupe karibu na mlango una maana yake. Uwanja mweupe mpaka barabarani ndio unaoleta vumbi.

Namna alivyofanya

Kwanza alitazama maji. Mvua moja nzima alikaa barazani akiangalia yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Akapanga mistari ya mawe kukatiza mteremko, ili maji yapunguze mbio. Bila hivyo kila kitu kinachopandwa kinasombwa.

Pili, aliufungua udongo. Mvua ya pili ya mwezi wa kumi na moja ilipoulainisha, walilima kina cha kiganja, wakachanganya mbolea ya maganda ya mahindi, mavi ya kuku na majivu ya jikoni, ambayo nayo yanapunguza uchachu. Kisha wakavunja kichuguu kilichokufa pembeni ya kiwanja, wakausambaza udongo wake juu.

Tatu, mbegu. Kapinga haihitaji mbegu za kununua. Jirani alimruhusu kung'oa mfuko mmoja. Alizikata kamba zake vipande vya urefu wa kiganja, kila kipande kikiwa na vifundo viwili au vitatu, maana mzizi unatoka kwenye kifundo. Alivilaza kwenye mifereji midogo, ncha ikichungulia, umbali wa sentimita 20 kati ya kimoja na kingine, halafu akavikanyaga kwa mguu. Alipanda jioni, jua likiwa limepoa. Kwa sehemu ya mita 5 kwa 6 walihitaji vipande kama 750. Watoto wakubwa walifanya kazi hiyo siku mbili wakiimba.

Nne, alivumilia. Majuma nane hakuna mbuzi, hakuna mpira. Magugu yaling'olewa kwa mkono wakati udongo una maji. Majani yalipofika urefu wa kiganja yalikatwa kwa kupekupe iliyonolewa vizuri, sio chini kabisa, ili yatambae badala ya kwenda juu.

Tano, alichimba mfereji wa kiganja kimoja kati ya majani na bustani ya mboga. Kapinga ni mgeni asiyejua kuaga: ukimpa nafasi anaingia kwenye vitunguu. Chini ya mwembe hakuipanda kabisa, maana kapinga inataka jua. Hapo aliacha majani makavu ya mwembe yafunike udongo.

Mwezi wa sita baridi ilipokuja na mvua ilikuwa imekwisha kusahaulika, yote yakawa ya kahawia. Mume wake alisema yamekufa. Hayakuwa yamekufa; mizizi ilikuwa hai chini. Hawakuyanywesha maji ya kunywa. Maji ya kusuuzia nguo yalimwagwa kando ya baraza, basi. Walichoangalia sana ni moto, kwa sababu mwezi wa saba mpaka wa tisa pori la huku linachomwa. Majani makavu marefu ni njia ya moto mpaka mlangoni. Yakiwa mafupi, moto hauna cha kula, na nyoka naye hana pa kujificha.

Tulipofika, mvua ya pili ya mwaka ilikuwa imepita. Mfereji kando ya ukuta umejaa udongo tena, majani yamevuka juu yake. Mtoto amekwisha kuanza kukimbia. Mama-mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka, upande wa majani, anachambua maharage.

Kwa anayekaa karibu na kiwanda

Usianze kwa kupanda. Anza kwa kuujua udongo. Kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, upande wa Kasapa, ndicho chenye watu waliosoma ardhi hii; nendeni kikundi cha mama watano au kumi kuuliza, sio kila mtu peke yake. Ukipanda, fuata vipimo vilivyojaribiwa kama mwanzo. Kwa mita 5 kwa 6 kama zile, chokaa ya kilo 0.2 kwa mita inakuwa kilo 6, na mbolea ya kilo 4.5 kwa mita inakuwa kilo 135. Chukua chokaa ya shamba, sio ile inayochemka ikikutana na maji, maana hiyo inaunguza macho na mikono. Tia siku isiyo na upepo, watoto wakiwa mbali. Changanya na udongo, acha mvua mbili tatu zipite, ndipo upande.

Udongo ukiwa mgonjwa sana, kapinga itakataa hata hivyo. Hapo leta udongo safi kutoka nje ya mji, uweke juu, upande juu yake. Na mikono ya watoto ioshwe kabla ya kula, majani yawepo yasiwepo.

Kalenda ni fupi. Mwezi wa kumi: kusanya mbolea, panga mawe, tafuta jirani mwenye kapinga. Kuanzia katikati ya mwezi wa kumi na moja mpaka mwisho wa mwezi wa kwanza: panda. Baada ya mwezi wa pili usipande tena, kwa sababu mvua inakwisha mwezi wa nne na mzizi mchanga hautafika kiangazi.

Mwenzetu wa barabara ya Kasenga anasema sasa yeye ndiye mwenye kugawa. Mkutano ujao ataleta mifuko mitatu ya kapinga iliyoloweshwa. Anayetaka aje na gunia tupu na kisu, na akipata, mwakani naye amgawie jirani wake.